Kimbunga cha Lindi cha 1952 hakina jina: nani hutoa majina, na rekodi za zamani zinatafutwaje

Swali: "Nafundisha jiografia sekondari mkoani Lindi. Wanafunzi wananiuliza kwa nini Kenneth, Jobo na Hidaya vina majina, lakini kimbunga kilichobomoa mji wetu mwaka 1952 hakina. Mtandaoni nimekiona kikiitwa 'Kimbunga Lindi'. Ni jina lake kweli? Nani hutoa haya majina? Na rekodi za zamani mwalimu kama mimi nazipata wapi bila kulipia?"

Mwalimu, "Lindi" hapo ni mahali tu, si jina la kimbunga. Kilichopiga mji wenu tarehe 15 Aprili 1952 hakikupewa jina na mtu yeyote, maana wakati ule Bahari ya Hindi ya Kusini-Magharibi haikuwa na utaratibu huo. Utaratibu ulianza msimu wa 1959/60 huko Mauritius, na cha kwanza kuitwa jina kilikuwa Alix, Januari 1960. Carol cha Februari mwaka uleule ndicho Wamauritius wanachokikumbuka zaidi kwa uharibifu wake. Vyote vilivyotangulia hapo hutambuliwa kwa tarehe na mahali. Inaelekea mtandaoni mtu mmoja aliziba pengo kwa jina la mji, wengine wakanakili, na sasa linasomeka kama jina rasmi. Ubaoni andika "kimbunga cha Lindi cha Aprili 1952" na usiende mbali zaidi.

Kwingineko desturi ni ya zamani kidogo. Clement Wragge, mtabiri wa hali ya hewa wa Queensland, Australia, alitumia herufi za Kigiriki, majina ya miungu na hata ya wanasiasa aliokosana nao, mwishoni mwa karne ya 19. Wamarekani walianza kutumia majina ya wanawake rasmi mwaka 1953, na ya wanaume yakaingia Atlantiki mwaka 1979. Sababu ilikuwa ya kazi: vimbunga viwili vikiwa baharini kwa wakati mmoja, na taarifa zinapitia redioni, jina fupi halichanganywi kirahisi kama tarakimu za latitudo na longitudo.

Kwenye bahari yetu kazi imegawanywa, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) haikutoa jina la Hidaya. Yenyewe hutoa tahadhari kwa nchi yake. Kufuatilia na kupima nguvu ni kazi ya kituo cha Réunion, kilicho chini ya idara ya hali ya hewa ya Ufaransa, kwa eneo lote la kusini mwa ikweta lililo magharibi ya longitudo 90 mashariki. Upepo wa wastani ukifika noti 34, yaani takriban kilomita 63 kwa saa, jina hutolewa. Mfumo ukiwa mashariki ya longitudo 55, Mauritius ndiyo inayotangaza. Ukiwa magharibi yake, ni Madagaska. Mstari huo unapita kando kidogo tu, magharibi ya kisiwa cha Réunion, kwa hiyo wanafunzi wanaweza kuuona kwenye atlasi bila shida.

Majina yenyewe hayatungwi siku hiyo. Hupendekezwa mapema na nchi wanachama wa kamati ya vimbunga ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani (WMO) kwa kanda hii, Tanzania ikiwamo, kisha hupangwa kwa herufi A hadi Z. Mwaka wa majina huanza 1 Julai na kuisha 30 Juni. Tangu msimu wa 2016/17 kuna orodha tatu zinazozunguka: jina likitumika linaondolewa na kuwekwa jingine, lisilotumika linasubiri zamu ya orodha yake irudi. Msimu wa 2023/24 ulikwenda hivi: Alvaro, Belal, Candice, Djoungou, Eleanor, Filipo, Gamane, Hidaya, Ialy. Kwa hiyo Hidaya kilikuwa cha nane kupewa jina msimu huo, na Ialy kilichosumbua pwani ya Kenya wiki chache baadaye ndicho cha tisa. Mwanafunzi akijua alfabeti anajua mpangilio.

Ila herufi zinahesabu vilivyopewa jina huku kwetu tu. Msimu uleule Anggrek kilitokea upande wa Indonesia na Australia, kikavuka longitudo 90 na jina lake lilelile. Freddy ndiyo mfano mkubwa: Australia walikipa jina tarehe 6 Februari 2023, kikavuka Bahari ya Hindi nzima, kikapiga Madagaska tarehe 21 na Msumbiji tarehe 24, kikarudi baharini, kikapiga Msumbiji tena tarehe 11 Machi, kisha mvua zake zikaimaliza Malawi ya kusini, ambako zaidi ya watu elfu moja walikufa au hawakuonekana tena. WMO imekithibitisha kuwa kimbunga kilichodumu kuliko vyote vilivyorekodiwa, siku 36, kikikipita John cha Pasifiki cha 1994. Zamani jina lilibadilishwa mpakani. Ndiyo maana kimbunga cha Februari 2000 kilichozidisha mafuriko ya Msumbiji unakikuta mahali pengine kama Eline na pengine kama Leon-Eline. Ni kimoja. Anayehesabu kwa majina atakihesabu mara mbili.

Kaskazini ya ikweta ni dunia nyingine kabisa. Huko kituo ni cha New Delhi, majina yalianza mwaka 2004 kwa Onil, na hayafuati alfabeti ya majina yenyewe bali zamu za nchi. Sasa ni nchi 13, zikiwamo Oman, Yemen, Qatar na Falme za Kiarabu. Gonu kilichoipiga Oman Juni 2007 na Gati kilichoingia Somalia Novemba 2020 ni vya orodha hiyo. Kuna kisa kimoja kizuri kwa darasa: Septemba 2021 Gulab kiliingia India kutoka Ghuba ya Bengal, kikadhoofika nchi kavu, mabaki yake yakatokea Bahari ya Arabu, yakapata nguvu upya na kupewa jina jipya, Shaheen, kilichoipiga Oman mwanzoni mwa Oktoba. Hakuna kimbunga kinachovuka ikweta kikaja kwetu kutoka huko, kwa kuwa nguvu ya mzunguko wa dunia inayokizungusha hufifia karibu na mstari huo na upande wa pili hugeuka. Atlantiki nayo ina orodha sita za majina 21, bila Q, U, X, Y na Z. Huko jina hurudi kila baada ya miaka sita isipokuwa likistaafishwa, kama Katrina ya 2005 iliyoachia nafasi Katia.

Sasa jambo ambalo ningependa litiliwe mkazo darasani kuliko orodha yote: kuwa na jina si kipimo cha hatari. Jina linatolewa katika ngazi ya chini, dhoruba ya wastani, kilomita 63 hadi 88 kwa saa. Dhoruba kali ni 89 hadi 117. Kimbunga kamili kinaanzia 118, kimbunga kikali 166, na kikali sana ni zaidi ya 212. Hivyo ukisikia "kimepewa jina", bado hujaambiwa lolote kuhusu nguvu yake ya mwisho. Upande wa pili, madhara hutokea bila jina lolote. Mfumo uliokuja kuwa Idai uliingia Msumbiji kwanza tarehe 4 Machi 2019 ukiwa mgandamizo mdogo wa hewa usio na jina, ukasababisha mafuriko Msumbiji na Malawi, ukazunguka kurudi kwenye mlango bahari wa Msumbiji, ukapewa jina tarehe 9, na ndipo ukapiga Beira usiku wa kuamkia tarehe 15. Anayetafuta "Idai" pekee anakosa wiki ya kwanza. Na kinyume chake: mafuriko ya Mai Mahiu, Kenya, ya alfajiri ya 29 Aprili 2024 yameshatajwa na wengi kuwa ya Hidaya. Siku hiyo Hidaya hakikuwa hata na jina.

Turudi kwenye rekodi. Hifadhi kubwa ya dunia ya njia za vimbunga inaitwa IBTrACS, inatunzwa na NOAA, idara ya bahari na anga ya Marekani, ni bure na haihitaji kujisajili. Kama una simu tu, usipakue chochote: fungua ramani ya NOAA ya njia za vimbunga vya kihistoria, andika "Lindi", weka umbali, tuseme kilomita 200, na mistari ya njia itajitokeza. Bonyeza mstari mmoja uone tarehe na kasi. Kwa kipindi kimoja cha darasa inatosha.

Kama una kompyuta, chukua faili ya CSV (jedwali linalofunguka kwenye programu kama Excel) ya eneo la SI, yaani Bahari ya Hindi ya Kusini. Mstari wa kwanza ni majina ya safu, wa pili ni vipimo (noti, digrii, kilomita). Ufute huo wa pili kabla ya hesabu, la sivyo programu itachukulia safu nzima kuwa maandishi na wastani hautatoka. Usitafute kwa jina. Chuja kwa mahali: LAT kati ya -12 na -4, LON kati ya 38 na 44. Alama ya kutoa ni kusini. Wengi huisahau wakapata jedwali tupu. Mji wa Lindi uko karibu na -10.0 na 39.7, Mji wa Zanzibar -6.2 na 39.2. Katika safu ya NAME vimbunga vya kale vitasomeka UNNAMED au NOT_NAMED kutegemea toleo la faili. Kitambulisho cha kuaminika ni safu ya SID: kwa mfano wa kujitungia, 2024121S08052 maana yake mfumo ulioanza siku ya 121 ya mwaka 2024, yaani 30 Aprili, karibu na latitudo 8 kusini na longitudo 52 mashariki. Na kama siku moja utapakua faili ya dunia nzima, angalia kifupisho cha Atlantiki ya Kaskazini, NA: programu nyingi za takwimu huisoma kama "hakuna data" na kuifuta bahari nzima kimyakimya.

Saa ndizo hutia watu makosa zaidi ya kitu kingine. IBTrACS hutumia UTC, saa ya marejeo ya dunia, iliyo nyuma ya saa zetu kwa saa tatu. Mzee akikwambia paa liling'oka saa saba usiku wa kuamkia tarehe 15, hiyo ni 01:00 ya tarehe 15 kwa saa za Afrika Mashariki, na kwenye faili ni 22:00 ya tarehe 14. Nimeona watu wakidai ushuhuda na rekodi vinapingana kwa siku moja, kumbe vinakubaliana barabara. Angalia pia safu ya SEASON: kusini mwa ikweta msimu huitwa kwa mwaka unaoishia, hivyo kimbunga cha Desemba 2023 kiko msimu wa 2024.

Kisha kasi ya upepo. Réunion hutumia wastani wa dakika 10. Kituo cha jeshi la Marekani, JTWC, hutumia wa dakika 1, ambao kwa kawaida ni mkubwa zaidi. Kenneth cha 2019 kina kilomita 215 kwa saa kwa Réunion na 230 kwa Wamarekani, na hakuna aliyekosea. Kupunguza kutoka dakika 1 kwenda dakika 10 baharini, WMO inashauri kuzidisha kwa 0.93, zamani ilitumika 0.88. Noti moja ni kilomita 1.852 kwa saa. Jaribuni: noti 100 za Wamarekani mara 0.93 ni noti 93, sawa na kilomita 172 kwa saa, kimbunga kikali. Kwa kizidisho cha zamani ni noti 88, kilomita 163, kimbunga cha kawaida. Upepo ni uleule, daraja limebadilika kwa chaguo la kizidisho. Kwa hiyo usiweke safu za REUNION_WIND na USA_WIND kwenye grafu moja kama kitu kimoja.

Kadiri unavyorudi nyuma, ndivyo tarakimu zinavyozidi kuwa makadirio. Setilaiti ya kwanza ya hali ya hewa, TIROS-1, ilirushwa 1 Aprili 1960. Mbinu ya Dvorak ya kukadiria nguvu kwa umbo la mawingu ilikuja miaka ya 1970. Na Bahari ya Hindi ilipata picha nzuri za mfululizo kutoka setilaiti ya Meteosat-5 mwaka 1998 tu, ilipohamishiwa juu yake. Kabla ya hapo kimbunga kingeweza kufikia kilele katikati ya mapito mawili ya setilaiti na kisionekane. Kabla ya 1960 palikuwa na vipimamgandamizo vya bandarini, daftari za manahodha na barua. Charles Meldrum alikusanya daftari za meli Mauritius katikati ya karne ya 19, na kazi ya aina hiyo ndiyo msingi wa rekodi za kale za bahari hii. Kimbunga kisichokutana na meli wala mji hakimo. Wanafunzi wakichora grafu ya idadi ya vimbunga tangu 1850 wakaona inapanda, sehemu kubwa ya mpando huo wa mwanzo ni kuongezeka kwa macho ya kutazama. Mimi nisingeruhusu hitimisho lolote la mabadiliko ya tabianchi kwa grafu hiyo. Anzeni 1998 au msianze kabisa.

Ndiyo maana kimbunga cha Zanzibar cha 15 Aprili 1872 kinajulikana zaidi kwa hasara kuliko kwa kasi. Kiliharibu meli za Seyyid Barghash bandarini, kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja huku Pemba ikinusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo uzito wa karafuu ukahamia Pemba. Meli Glasgow, iliyozamishwa na Waingereza katika vita vifupi vya 27 Agosti 1896, ilikuwa imeagizwa kufidia zile zilizopotea.

Kwa Lindi mnaweza kufanya jambo ambalo hakuna faili litawafanyia. Waliokuwa na miaka kumi mwaka 1952 sasa wamepita themanini, na baadhi bado wapo. Msiwaulize kasi, waulizeni mwelekeo. Kusini mwa ikweta upepo wa kimbunga huzunguka kama mishale ya saa, na vimbunga vyetu huja kutoka mashariki. Hivyo kwanza upepo hutoka kusini, na mwezi wa Aprili watu hudhani ni kusi inaanza. Kinachofuata ndicho kinachosema kitovu kilipita wapi. Kama palitulia ghafla, pengine hata nyota zikaonekana, kisha upepo ukarudi kwa nguvu kutoka kaskazini, jicho lilipita juu yao. Kama haukutulia bali uligeuka kutoka kusini, ukaja wa magharibi kutoka bara, kisha kaskazini, kitovu kilipita kusini mwa hapo. Ukigeuka kupitia mashariki, kutoka baharini, kitovu kilipita kaskazini, na upande huo wa kusini ya kitovu ndio unaosukumiwa maji ya bahari nchi kavu. Minazi nayo hushuhudia: huanguka kule upepo unakoelekea, kwa hiyo iliyoangukia bara ilipigwa na upepo wa baharini. Chukueni majibu ya Lindi mjini, Mchinga, Kilwa na Mtwara, muyaweke kwenye ramani. Wazee wakipishana, aminini zaidi jibu la mwelekeo lililofungamana na kitu, ukuta ulioanguka au mlango uliozuiwa kwa gogo, kuliko jibu la saa.

Pamoja na hayo tafuteni magazeti ya Aprili na Mei 1952 na mafaili ya Jimbo la Kusini katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Ombeni kwa tarehe na wilaya. Mkiomba "Kimbunga Lindi" mtaambiwa hakipo.

Kuna mpangilio mmoja wanafunzi watauona wenyewe kwenye jedwali. Kimbunga cha 1872 na cha 1952 vyote ni vya 15 Aprili. Kenneth kiliingia kaskazini ya Msumbiji 25 Aprili 2019, Jobo kiliikaribia pwani ya Dar es Salaam siku hizohizo za Aprili 2021 kikiwa kimeshadhoofika, na Hidaya kilifika Mafia 4 Mei 2024. Vyote ni ndani ya wiki tatu hivi, mwishoni kabisa mwa msimu ambao rasmi huishia 30 Aprili kwa sehemu kubwa ya kanda. Katikati ya msimu mifumo mingi huzaliwa kusini zaidi na kupinda kuelekea Madagaska au Mauritius. Ukanda wa mvua unapopanda kurudi kaskazini wakati wa masika, vichache huzaliwa kati ya Madagaska na ikweta, na kutoka hapo njia ya magharibi inaleta Mtwara, Lindi na Mafia. Sampuli ni ndogo, lakini kwa mvuvi wa Kilwa anayeuliza ni lini asikilize redio kwa makini zaidi, ni kuanzia katikati ya Aprili hadi katikati ya Mei.